Deni la Wema

Tarehe 23 Mei 2015 Kanisa Katoliki liliwatangaza wenye heri watu wawili walioishi mahali mbalimbali na kwa namna zisizofanana hata kidogo. Jijini San Salvador alitangazwa Askofu Mkuu Oscar Romero, aliyepigwa risasi altareni mwaka 1980 kwa sababu alikataa kunyamaza wakati wanajeshi wakiwaua wananchi wake. Siku hiyohiyo mjini Nyeri, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam aliongoza ibada ya kumtangaza Sista Irene Stefani, mtawa wa Consolata ambaye watu wa Gikondi walimpa jina la Nyaatha, mama wa huruma. Romero alisema hadi akauawa. Nyaatha aliosha vidonda, akapanda na kushuka vilima, akawaandikia watu barua, akafa kwa tauni.

Hakuna Mkristo wa huku kwenye Mlima Kenya ambaye hajasikia mahubiri kwamba imani bila matendo imekufa. Tumeyasikia tangu shule ya Jumapili, na tumeyaitikia kwa vitendo: kuanzia Othaya hadi Karatina, kuanzia Kerugoya hadi Embu, ni vigumu kupita kijiji kisicho na shule, zahanati au hospitali iliyoanzishwa na kanisa fulani. Kwamba imani yetu inaonekana, hilo halina ubishi. Kinachonisumbua ni kile kinachofuata. Tendo likishaonekana, watu wakishapiga makofi na kurudi nyumbani, nani anabaki akidaiwa?

Hotuba ya Mlimani yenyewe inatuacha kwenye njia panda. Katika sura ya tano ya Mathayo, Yesu anataka nuru ya wafuasi wake iwaangaze watu ili wayaone matendo yao mema. Hata hotuba haijaisha, katika sura ya sita anawaonya wasitende mema ili watazamwe, na mtoa sadaka asijipigie tarumbeta. Wahubiri wetu wameshajua namna ya kuishi na sura zote mbili: ya tano husomwa siku ya harambee, ya sita siku ya kuwasema Mafarisayo. Lakini mwenye hotuba alikuwa mmoja, na wasikilizaji wake walikuwa walewale. Lazima kuna jambo linaloziunganisha sura hizo, na nadhani historia ya mlima huu inaweza kutusaidia kulitafuta.

Tuanze na Nyaatha. Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1891, akafika Kenya mapema mwaka 1915. Hata hajauzoea mlima, Vita Kuu ya Kwanza vikamteremsha pwani. Waingereza walikuwa wamewakusanya Waafrika kwa mamia ya maelfu, wengi wao bila hiari, wakawabebesha risasi na chakula cha jeshi lililokuwa likiwakimbiza Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi kwao. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliwamaliza wengi kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi bado zinabeba jina la jeshi hilo la wapagazi, ingawa wengi wanaokwenda huko siku hizi wanafuata nguo na viondo.

Sista Irene aliwauguza katika hospitali za wapagazi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Zilikuwa hospitali kwa jina: mabanda yaliyojaa watu wanaooza miguu, madaktari wachache, dawa haba. Mtu aliyelala pale alikuwa ameandikwa kwa nambari, ametolewa kwao na serikali ambayo ilimhitaji kwa mabega yake tu, na sasa mabega yamekwisha. Hakuwa na kura ya kumpa mtu. Hakuwa na shamba wala ng'ombe, na mara nyingi hakuwa na wiki mbili za kuishi.

Vita vilipokwisha alipelekwa Gikondi, katika vilima vya Mukurweini, akakaa huko kuanzia mwaka 1920 hadi kifo chake. Alifundisha shuleni, na nje ya shule alikuwa njiani, amevaa viatu vizito, akienda kwa wagonjwa na wazazi. Katika yote yanayosimuliwa juu yake, ninalolirudia zaidi ni suala la barua. Vijana wa Gikondi walikuwa wameanza kutoka kwenda mijini kutafuta kazi, na mama zao hawakujua kusoma. Mama alikwenda kwa Nyaatha akasema lililo moyoni, naye akaliandika. Jibu lilipofika, alimsomea. Hebu tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Mkono ni wa mtawa, wino ni wa misheni, lakini maneno ni ya mama, na kijana akiifungua barua Nairobi anasikia sauti ya mama yake. Mwandishi amejitoa katikati. Kazi ilionekana na kila mtu kijijini, na bado katika karatasi yenyewe jina lake halikuwa na kazi.

Mwezi Oktoba 1930 tauni iliingia Gikondi. Alimuuguza mwalimu mmoja aliyeambukizwa, naye akaambukizwa, na tarehe 31 mwezi huo akafariki akiwa na umri wa miaka 39.

Sitaki kumpaka sukari. Wanaoandika habari zake husimulia kwa furaha kwamba aliwabatiza wengi waliokuwa wakikata roho, na msomaji wa leo hukunja uso hapo. Je, ubatizo haukuwa ndiyo bei ya bendeji? Ni swali la haki, maana misheni za wakati huo zilihesabu roho kama zilivyohesabu magunia. Mimi hujibu hivi: mtu anayekufa alfajiri hawezi kulipa. Hatajaza benchi kanisani wala kumtetea padri mbele ya chifu. Aliyemhudumia alitumia nguvu zake kwa mtu ambaye kesho hayupo, na kwa imani yake aliona ampe pia kile alichokithamini kuliko vyote. Tunaweza kutokubaliana naye juu ya zawadi hiyo. Hatuwezi kusema alikuwa akikopesha.

Linganisha na jambo lililotokea vilima vichache kutoka hapo, Nyaatha akiwa bado hai. Mwaka 1929 misheni ya Waskoti, yenye kituo kikubwa Tumutumu karibu na Karatina, iliwataka waumini wake watie sahihi au alama ya kidole gumba kwamba wameikataa tohara ya wasichana. Kidole hicho, kirore kwa Kikuyu, kiligawa nyumba na makanisa. Waumini waliondoka kwa maelfu. Watoto walitolewa shuleni, shule na makanisa huru yakaanzishwa, na mwanzoni mwa mwaka 1930 serikali ikaupiga marufuku wimbo wa Muthirigu uliowakejeli wamisionari na machifu. Juu ya tohara yenyewe wakati umewapa Waskoti haki: Kenya imeiharamisha kwa sheria ya mwaka 2011, na wanaowalinda wasichana leo wengi wao ni mama na nyanya wa vijiji vilevile. Lakini walivyoidai imani ionekane ndivyo walivyoivunja. Mtoto alikuwa ameshapata herufi, mgonjwa ameshapata dawa, na sasa karatasi inaletwa: weka kidole. Kumbe shule ile na dawa ile vilikuwa mkopo, na siku ya kulipa imefika. Wakikuyu wengi waliuelewa ujumbe huo vizuri kuliko walivyoelewa hoja ya wamisionari dhidi ya tohara, na wakaondoka.

Uwanja alikotangaziwa Nyaatha umepewa jina la mtoto mwingine wa Nyeri. Dedan Kimathi alipita shule ya Tumutumu, akaongoza wapiganaji wa Mau Mau msituni, na Waingereza wakamnyonga tarehe 18 Februari 1957. Katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, kila mtu alilazimishwa kuonyesha amesimama wapi. Huku kulikuwa na kiapo cha Mau Mau, huku bunduki ya homgadi wa serikali, na katikati hapakuwa na nafasi ya kutosha hata kuweka kigoda. Wakristo walikuwa pande zote mbili. Wako waliokula kiapo usiku na kusali asubuhi bila kuona kasoro. Wako waliobeba bunduki ya serikali kwa jina la Yesu, na mashamba yalipounganishwa na kugawanywa upya wakajikuta wamepata sehemu nono.

Wachache walikataa vyote viwili. Walikuwa ndugu wa Uamsho, Ahonoki, watu wa ile harakati iliyoanzia Gahini, Rwanda, na kufika Kenya kabla ya miaka ya 1930 kwisha. Waliwaambia watu wa msituni kwamba damu ya Yesu imewatosha na hawawezi kunywa nyingine. Wakaiambia serikali kwamba hawawezi kumwinulia bunduki mtu ambaye Kristo alimfia. Baadhi yao waliuawa kwa ajili hiyo. Mtu anaweza kusema walikwepa vita vya haki vya ardhi, na wapo wazee mlimani wanaosema hivyo hadi leo. Nawasikia. Wananivutia kwa jambo lililokuwa desturi yao hata kabla ya vita: kurudisha. Mtu akiokoka katika kundi lile alisimama mbele ya watu akataja alichoiba, kisha akabeba jembe, sufuria au fedha akapeleka kwa mwenyewe. Wakati Wakristo wengine walidai shukrani kwa wema wao, hawa walianza kwa kukiri kwamba wao ndio wanaodaiwa. Toba yao ilikuwa na mzigo mkononi na mlango wa kubisha.

Upande wa pili wa mlima, Kirinyaga, alizaliwa mtu aliyeifanya imani ionekane kwa njia ya Romero. David Gitari alikuwa bado katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya Machi 1975, wakati mwanasiasa J. M. Kariuki alipouawa. Alikuwa na zamu ya kipindi cha sala katika redio ya taifa, akazungumza juu ya Kaini na Abeli. Kila aliyekuwa na redio alijua Abeli ni nani, na wengi walidhani wanajua Kaini pia. Mwaka huohuo akawa askofu wa Kianglikana wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki. Juni 1987 alihubiri mjini Nyeri juu ya Danieli, na wanasiasa wakakasirika kwa siku nyingi. Danieli alijua amri imeshatiwa sahihi, akaenda chumbani kwake akasali madirisha yakiwa wazi kama alivyozoea. Angeweza kuyafunga na Mungu angemsikia vilevile. Aliyaacha wazi kwa sababu kuyafunga kungekuwa ni kuikubali amri.

Mwaka uliofuata ulikuja uchaguzi wa mlolongo. Kura ya siri iliondolewa katika mchujo wa chama tawala, KANU, na wapiga kura wakatakiwa kupanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, mchana, mbele ya chifu, mwajiri na jirani. Maaskofu kadhaa waliupinga, Gitari akiwa mstari wa mbele, na ninaona si ajabu kwamba kanisa ndilo lililoitambua hila ile mapema. Serikali ilikuwa imelinyakua wazo la imani inayoonekana na kuligeuza kamba: kila mtu aonekane amesimama nyuma ya nani, ili kesho akumbushwe. Usiku wa tarehe 21 Aprili 1989 kundi lenye silaha lilivamia nyumba ya askofu karibu na Kerugoya. Alikimbilia juu ya paa akapiga ukemi, majirani wakatoka wakaja, na waliomfuata wakakimbia. Majirani wale hawakuwa wameitwa kwa jina lililoandikwa mahali. Hakuna aliyewasimamisha foleni. Walikuja kwa sababu mtu wao alikuwa akilia usiku.

Sasa tuingie kanisani Jumapili ya leo, siku ya kuezeka nyumba ya padri au kununua basi la kwaya. Mahema yamefungwa tangu Jumamosi. Viti vya mbele vimevishwa vitambaa, na mzee aliyekuja na mke wake saa moja asubuhi ameombwa arudi nyuma kidogo. Msafara unaingia katikati ya somo la pili. Baada ya ibada mheshimiwa anapewa kipaza sauti, anasema amekuja na marafiki zake, bahasha zinasomwa moja moja, jina kwanza, kiasi baadaye. Mkungu wa ndizi unanadiwa, jogoo ananadiwa. Bibi mmoja ametoa shilingi hamsini zilizofungwa kwenye pindo la leso, nazo zimeingia kikapuni bila kusomwa, maana orodha inaanzia elfu moja. Mheshimiwa akimaliza, anawageukia waumini na kuwauliza kama wako pamoja naye. Wanaitikia. Watafanya nini tena? Bati liko juu ya vichwa vyao.

Makanisa yenyewe yameanza kuliona tatizo. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia katika ibada za Kianglikana. Katikati ya mwaka 2024, vijana walipojaa barabarani kuupinga mswada wa fedha, hawakuisema serikali peke yake. Waliwauliza wachungaji nao kuhusu bahasha. Novemba mwaka huohuo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likatangaza kwamba linarudisha shilingi milioni 2.6 zilizotolewa na Rais katika parokia moja ya jiji. Ndugu wa Uamsho wangeijua desturi hiyo: kubeba kitu kukirudisha mlangoni.

Ila tusiwaachie wanasiasa lawama yote. Wenye kuandaa viti vile ni sisi, na orodha tunaziandika sisi. Malalamiko ya familia zilizoulizwa kadi ya zaka ya marehemu kabla padri au mchungaji hajakubali kuja kuzika si mageni huku kwetu. Kadi ile ni kirore kilichobadilisha karatasi.

Kwa upande mwingine, hutakosa kuona jambo la namna hii katika mashamba ya chai ya Tetu, Othaya na Mathira. Mwanamke amefiwa na mume, au amelazwa. Chai haingojei matanga. Usipoichuma katika mzunguko wake inapita kiasi, majani yanakomaa, na malipo ya mwezi yanapungua hadi bonasi ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo wanawake wa jumuiya, au wa Woman's Guild kama ni Wapresbiteri, wanafika asubuhi umande haujakauka, wamejifunga nailoni kiunoni na vikapu mgongoni. Wanachuma majani mawili na kichipukizi, wakibishana juu ya bei ya unga. Saa sita wanashusha gunia kituoni. Karani anapima, anauliza nambari ya mkulima, na wanataja ile ya mjane. Kilo zote zinaandikwa kwake. Risiti inatoka na jina lake, na anapelekewa nyumbani pamoja na mkate. Kazi imefanywa mchana kweupe, barabarani pia wameonwa, pengine kuna aliyeona akaona haya akaja juma lililofuata. Lakini katika daftari la kiwanda inaonekana kana kwamba mjane alichuma mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoona sura ya tano na sura ya sita zikikutana. Watu wanaona tendo jema na wanaona limekwenda wapi. Hawaoni uzi wa kumvuta mtendewa nao. Hiyo pia ndiyo sababu Romero na Nyaatha walistahili siku moja. Aliyesema na aliyenyamaza akihudumia walifanana katika hesabu: gharama ilibaki kwao, na waliohudumiwa walibaki huru, hata kuwa huru kuwasahau.

Najua jibu la mweka hazina wa parokia. Hospitali za Mathari na Tumutumu hazikujengwa kwa majani ya chai ya jirani. Zilihitaji fedha, na fedha hutoka kwa wenye nazo, nao hupenda kutajwa. Ni kweli kanisa haliwezi kuezekwa kwa nia njema. Lakini wanaolala katika wodi zile leo hawajui majina ya Waitaliano na Waskoti waliotoa senti zao Turin na Edinburgh, na bado kuta zimesimama. Mtoaji ambaye fedha yake haiji bila kipaza sauti anatueleza mwenyewe alichokuja kununua.

Basi pendekezo langu ni dogo, na halihitaji sinodi wala waraka wa maaskofu. Jumapili ya harambee ijayo, mweka hazina asimame asome jumla peke yake, bila jina hata moja, kisha watu wapewe chai waende nyumbani. Mwezi unaofuata afanye vivyo hivyo, na alinganishe vitabu. Bahasha zitakazoendelea kuja zilikuwa sadaka. Zitakazokatika zilikuwa mkopo, na ni afadhali mvua itunyeshee kidogo kuliko kuulipa.